Helmuth na Wenzake: Tagi za Kazi Zilizopelekwa Vitani Katika Pwani Yetu

Baba mdogo alifanya kazi kwenye tagi, vile vyombo vidogo vya kuvuta meli kubwa, katika bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 23, na siku ya kwanza aliponipandisha kwenye mojawapo nilikuwa na umri wa miaka 10. Hakuanza kwa kunionyesha usukani wala injini. Alinishika bega, akanisimamisha nyuma ya chumba cha nahodha, akanielekeza kwenye kamba nene iliyotoka kwenye ndoano ya tagi hadi kwenye omo ya meli ya mizigo tuliyokuwa tukiivuta, akasema, "Mwanangu, kwenye mstari wa kamba hapasimami mtu." Kamba ilikuwa imelowa. Kadiri meli ilivyoanza kusogea ndivyo kamba ilivyozidi kukaza, maji yakawa yanakamuka kutoka kwenye nyuzi zake kama nguo mikononi mwa mfuaji, kisha ikaanza kulia kwa sauti ya chini ambayo niliihisi zaidi kifuani kuliko masikioni. Baba mdogo hakuiangalia meli hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye kamba.

Nimeikumbuka kamba ile mara nyingi tangu nilipoanza kusoma habari za Vita Kuu ya Kwanza katika pwani yetu. Vitabu vya vita ile vimejaa majina ya manowari: Königsberg, Pegasus, Goliath, Fox, Severn, Mersey. Katikati ya majina hayo makubwa hupita jina dogo, mara nyingi katika sentensi moja tu, kisha habari inaendelea. Jina hilo ni Helmuth. Nilipolikuta mara ya kwanza nililipita kama kila msomaji anavyolipita. Nilipolikuta mara ya tatu, mahali tofauti na katika tukio tofauti, niliweka kitabu chini, kwa sababu niligundua kwamba chombo hicho kilichokuwa Zanzibar, kisha Tanga, kisha Dar es Salaam, vyote kati ya Septemba na Novemba 1914, kilikuwa tagi.

Helmuth ilikuwa tagi ya Kijerumani iliyokuwa Zanzibar vita vilipoanza mwezi Agosti 1914. Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, nao wakaitwaa. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya kazi za bandari na biashara kikawekewa silaha na kupewa mabaharia wa jeshi, kikaanza kutumika kama chombo cha doria.

Kwa asiyewahi kupanda tagi, inafaa nieleze kwa nini jeshi la majini linahitaji chombo cha namna hii wakati lina manowari zenye mizinga mikubwa. Tagi ni injini iliyofunikwa kwa mwili mdogo. Nguvu yake haikukusudiwa kwenda mbio. Imekusudiwa kuvuta uzito unaoizidi mara nyingi. Haizami sana majini, kwa hiyo inapita mahali ambapo meli kubwa ingekwama kwenye fungu la mchanga. Inageuka mahali pembamba. Ndoano yake ya kuvutia haiko mwisho kabisa wa tezi kama wengi wanavyodhani, bali iko karibu na katikati ya chombo, ili tagi iweze kuzungusha mkia wake ikiwa bado imefungwa kwenye mzigo. Mpangilio huo una hatari yake: meli inayovutwa ikiipita tagi, kamba ikaja kuvuta ubavuni badala ya nyuma, tagi inaweza kupinduliwa kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kusimulia. Watu wa tagi hulijua jambo hilo kama wavuvi wanavyoyajua maji ya bamvua. Mwaka 1914 kulikuwa na hatari nyingine juu ya hiyo. Tagi za wakati ule ziliendeshwa kwa makaa na mvuke, na ubavu wake mwembamba haukuwa na kinga yoyote dhidi ya risasi. Risasi moja ikipasua bomba la mvuke, mashine inakufa, na walio chini kwenye chumba cha moto wanaunguzwa na mvuke kabla ya kujua wamepigwa na nini.

Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914 Helmuth ilikuwa ikilinda mlango wa kusini wa bandari ya Zanzibar. Manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji ikirekebisha mitambo yake. Alfajiri hiyo Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyokuwa imeondoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai, kabla ya vita kutangazwa, ilikuja kutoka kusini na kuanza kuipiga Pegasus kutoka umbali ambao mizinga ya Pegasus haikuweza kujibu. Zaidi ya watu 30 wa Pegasus walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, ng'ambo ya Mji Mkongwe, mahali ambapo watalii huenda kuangalia makaburi. Königsberg iliifyatulia Helmuth pia. Fikiria tagi ya bandari, yenye mizinga midogo ya kubandikwa, imekaa peke yake mlangoni, mbele yake manowari yenye mizinga 10 ya milimita 105. Hapakuwa na mapigano ya kusimulia. Hata hivyo, mwanzoni mwa Novemba Helmuth ilikuwa kazini tena, na kazi iliyopewa safari hii ilikuwa ya hatari zaidi.

Kazi hiyo ilikuwa Tanga. Waingereza walileta kikosi cha takriban watu 8,000, wengi wao askari kutoka India, ili kuuteka mji uliokuwa na walinzi wachache mno. Tarehe 2 Novemba nahodha wa manowari Fox aliingia bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamevunjwa, na kwa kuwa alihofia mabomu yaliyotegwa majini, aliamuru mlango wa bandari usafishwe kwanza. Aliyesafisha ni Helmuth. Kusafisha njia ya maji wakati ule kulimaanisha kuburuta waya chini ya maji polepole, kwenda na kurudi, ili waya huo ukate mnyororo wa bomu lililotegwa au ulinase. Ni kazi ya kuvuta, kwa hiyo alipewa yule aliyeumbiwa kuvuta. Tofauti ni kwamba mzigo wa siku zote unajua uko wapi, nao mzigo huu hujui kama upo, na ukiwapo, unaweza kuwa chini ya miguu yako.

Hapakuwa na bomu lolote. Saa zilizopita katika kutafuta mabomu yasiyokuwapo zilimpa Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, nafasi ya kuleta askari wake kwa treni kutoka Moshi, na waliposhuka waliwashinda Waingereza waliokuwa mara kadhaa zaidi yao. Nimesoma maelezo mengi yanayomlaumu nahodha wa Fox kwa tahadhari yake, na huenda lawama hizo ni za haki. Ninachokiona mimi, nikiwa mtoto wa nyumba ya watu wa tagi, ni chombo kidogo kinachokwenda na kurudi mbele ya Ras Kasone mchana kutwa na waya nyuma yake, na watu ndani yake ambao kila dakika walikuwa na sababu ya kuamini kwamba dakika inayofuata haitakuwapo. Kwamba mabomu hayakuwapo tunalijua sisi. Wao hawakulijua mpaka walipomaliza.

Tukio la tatu ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu lilitokea katika hori ambayo nimeivuka kwa pantoni tangu utotoni. Anayetoka Magogoni kwenda Kigamboni anapita juu ya maji hayohayo. Njia ya kuingilia bandari ya Dar es Salaam ni nyembamba na imepinda, na mwezi Agosti 1914 Wajerumani walikuwa wamezamisha chelezo chao cha kuelea mlangoni ili kuwazuia adui. Ndani ya hori kulikuwa na meli zao za biashara, miongoni mwake König na Feldmarschall, na Waingereza walihofia kwamba meli hizo zingeweza kutoka siku moja na kuisaidia Königsberg iliyokuwa imejificha Rufiji. Tarehe 28 Novemba 1914 Goliath na Fox zilikuja na kusimama nje, upande wa Makatumbe. Hazikuweza kuingia. Waliotumwa ndani kuharibu mitambo ya meli hizo walikwenda kwa Helmuth na kwa mashua ndogo ya mvuke ya Goliath, chini ya uongozi wa Kamanda Henry Peel Ritchie. Juu ya mji zilipepea bendera nyeupe, na mjadala kuhusu nani alivunja ahadi ya nani uliendelea kwa miaka mingi baadaye.

Mwanzoni palikuwa kimya. Vikosi vya kuharibu mitambo vilipanda meli moja baada ya nyingine na kufanya kazi yao. Ritchie mwenyewe aliendelea na ile mashua mpaka ndani zaidi ya hori, na huko, alipoona meli hazina watu na kuna dalili za risasi mahali ambapo hapakupaswa kuwa na risasi, aliingiwa na wasiwasi. Alifanya jambo ambalo mtu yeyote wa tagi angelitambua mara moja. Alichukua matishari mawili ya chuma, akayafunga moja kila upande wa mashua yake, kisha akaanza safari ya kurudi nje akiwa katikati yake kama mtu aliyeshikwa mabega na ndugu wawili. Hivi ndivyo matishari yanavyosafirishwa katika bandari zetu kila siku ya Mungu: yanafungwa ubavuni na kusukumwa. Siku hiyo yalifungwa ili yapokee risasi.

Zikaanza kumiminika kutoka pande zote mbili za hori, za bunduki, za bombomu na za mizinga midogo. Ritchie alipigwa mara nane kabla ya kupoteza fahamu. Thomas Clark alishika usukani naye akajeruhiwa, kisha George Upton akaushika. Helmuth nayo ilibidi ipite njia hiyohiyo ya kutokea, pembamba na yenye kona, ikipigwa kutoka ufukweni ambao mahali pengine uko karibu kiasi kwamba mtu akipaza sauti anasikika. Baadhi ya Waingereza waliokuwa bado ndani ya zile meli waliachwa nyuma na kutekwa. Manowari zilizokuwa nje zilijibu kwa kuupiga mji, na jumba la gavana likaharibiwa. Ikulu tunayoiona leo ilijengwa na Waingereza mahali hapo mwaka 1922. Ritchie alipewa Msalaba wa Victoria, na tendo lake ndilo la mapema kabisa la jeshi la majini katika vita ile kupewa heshima hiyo. Clark na Upton nao walipewa medali. Wote watatu walistahili, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Mtu anayeshika usukani uliolowa damu ya mwenzake na bado akaielekeza omo mahali panapofaa, kwenye njia iliyopinda, amefanya kazi ambayo baba mdogo wangu angeivulia kofia.

Nimewahi kusimama kwenye pantoni, upande wa kushoto unapotoka Magogoni, nikijaribu kupima kwa macho. Kutoka ukutani mwa Kivukoni hadi ufukwe wa Kigamboni ni umbali wa pumzi chache za mpiga kasia. Pantoni inavuka kwa dakika chache, na watu wanatumia dakika hizo kuongea na simu, kununua karanga na kushika vizuri mikoba yao. Chombo cha mvuke kinachotoka hori hii hakiwezi kukimbia. Lazima kipunguze mwendo kwenye kona, la sivyo kinapanda fungu. Maana yake ni kwamba waliokuwa chini kwenye chumba cha moto cha Helmuth walikuwa wakiongeza makaa kwa koleo, wakisikia risasi zikigonga bati la ubavu wa chombo karibu na vichwa vyao, na papo hapo wakisikia kengele kutoka juu ikiwaambia wapunguze nguvu. Sijui amri ngumu kuliko hiyo.

Helmuth haikuwa peke yake. Mwezi Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza Dartmouth iliteka tagi nyingine ya Kijerumani, Adjutant, na Waingereza wakaifunga silaha kama walivyofanya kwa Helmuth, wakaituma katika ulinzi wa delta ya Rufiji. Königsberg ilikuwa imejificha humo, ndani ya mikondo inayofunikwa na mikoko, na manowari kubwa zilikuwa zikisubiri nje kama paka anayesubiri mlangoni mwa shimo. Chombo kisichozama sana majini ndicho kilichoweza kukaribia midomo ya mto. Tarehe 6 Februari 1915 Adjutant ilikaribia mno. Wajerumani waliokuwa wamejificha ufukweni waliipiga, ikapoteza nguvu ya mashine, ikasalimu amri. Ndani ya miezi minne ilikuwa imebadilisha bendera mara mbili.

Kilichofuata ni mojawapo ya safari za ajabu kuliko zote ambazo tagi imewahi kusafiri. Wajerumani waliifikisha Dar es Salaam, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye treni ya Reli ya Kati, na kuipeleka Kigoma, takriban kilomita 1,250 kutoka baharini, ili ikaungwe upya na kupigana katika Ziwa Tanganyika. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka huohuo vita vilipoanza. Meli kubwa Graf von Götzen iliundwa hukohuko kwa njia hiyohiyo ya vipande, ndiyo inayojulikana leo kama Liemba. Adjutant haikuwahi kupigana ziwani. Mwezi Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, Wajerumani waliihama Kigoma, Götzen ikazamishwa na watu wake wenyewe, na habari ya Adjutant ikaishia hapo, mbali na chumvi ya bahari iliyoundwa kuikabili. Ninapowaza vipande vya tagi ya bahari vikipita Morogoro, Dodoma na Tabora juu ya mabehewa, na watu wa vituoni wakitazama bomba la moshi limelala ubavu juu ya behewa, naona kiasi gani vita vinaweza kukipeleka chombo mbali na kazi yake.

Sehemu ya mwisho ya habari hii inahusu tagi nne zilizotoka Uingereza. Nazo zilikuwa tagi za biashara, za wamiliki binafsi, zilizochukuliwa kwa huduma ya jeshi: Blackcock na Sarah Joliffe, zote mbili za Liverpool, pamoja na Revenger na Danube II. Waingereza walikuwa wameamua kwamba dawa ya Königsberg ni manowari bapa za mtoni, monita, ambazo zinaweza kupita juu ya mafungu ya Rufiji. Walikuwa nazo tatu, zilizoundwa Barrow kwa ajili ya Brazili na kununuliwa na serikali ya Uingereza vita vilipoanza. Mbili kati yake, Severn na Mersey, zilikuwa Malta. Tabu ilikuwa ni kwamba chombo bapa kilichoundwa kwa mto hakifai kwa bahari kuu. Ubapa wake, ambao ungekuwa faida Rufiji, ulikuwa udhaifu katika kila maili ya safari ya kuja Rufiji.

Waliondoka Malta tarehe 28 Aprili 1915, tagi nne kwa monita mbili, wakapita Suez, wakashuka Bahari ya Shamu, wakazunguka rasi ya Guardafui na kuifuata pwani kuelekea kusini mpaka wakafika Mafia tarehe 3 Juni. Ni siku 36, na takriban maili 4,000 za bahari. Msomaji asiye wa pwani huenda akaona ni tarehe tu. Mtu wa pwani anaona jambo jingine: ni mwezi wa Mei. Mwezi wa Mei kusi imekwisha kuingia. Upepo unatoka kusini, mkondo wa maji katika pwani ya Somalia unakwenda kaskazini, na majahazi yote yaliyokuja na kaskazi yamekwisha kugeuza omo na kurudi Arabuni, au yamevutwa ufukweni yakisubiri msimu. Katika vizazi vyote vya biashara ya Bahari ya Hindi, hakuna nahodha wa jahazi mwenye akili timamu aliyefunga safari ya kutoka Aden kuja Mafia mwezi wa Mei. Hizi tagi nne zilikuja, kinyume cha upepo na kinyume cha mkondo, na nyuma ya kila kamba chombo bapa kinachoyumba na kuivuta kamba huku na huko.

Kuvuta baharini si sawa na kuvuta bandarini, na katika hili namnukuu baba mdogo, aliyewahi kulivuta tishari kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara wakati wa kusi. Bandarini, aliniambia, unaishika kamba fupi na unaiona. Baharini unaiachia ndefu, izame katikati kwa uzito wake, kwa sababu ule mzamo ndio unaomeza mshtuko: wimbi linapoitupa tagi mbele na wimbi jingine linapouzuia mzigo nyuma, kamba inanyooka polepole badala ya kukatika. Ukiona kamba imetoka majini yote na kunyooka kama kamba ya nguo, ujue umekawia kupunguza mwendo. Usiku huioni. Unaisikia, na unaweka mkono juu ya chuma cha ndoano kuhisi kama inatetemeka. Pale inapopita juu ya ukingo wa tezi unaipaka mafuta ya mgando na kuivisha magunia, na kila baada ya saa kadhaa unaiachia kidogo ili isiliwe mahali pamoja. Alipomaliza kunieleza alinionyesha kiganja chake cha kulia, ambacho kidole chake cha pete hakikunjiki hadi leo, kisha akaendelea kunywa chai. Safari yake ya Mtwara ilichukua siku nne. Mimi nilimwambia habari ya siku 36, akanyamaza kwa muda, akauliza, "Na makaa walipakia wapi?"

Ni swali la mtu wa kazi, na ni swali sahihi. Tagi haina tumbo kubwa. Msafara ule ulikuwa na meli ya makaa iliyofuatana nao, kwa sababu bila hiyo moto ungezimika kabla hawajafika nusu ya njia, na kila gunia la makaa lilipaswa kuhamishwa kutoka chombo hadi chombo kwa migongo ya watu katika joto la Bahari ya Shamu.

Yaliyotokea baadaye yamesimuliwa sana. Mafia ilikuwa imetekwa mwezi Januari, na uwanja mdogo wa ndege ukatengenezwa huko. Tarehe 6 Julai monita ziliingia kwa mlango wa Kikunja na kurudishwa, Mersey ikiwa imepigwa na kupoteza watu. Tarehe 11 Julai ziliingia tena, ndege ikiwaelekeza kutoka angani mahali risasi zao zinapoangukia, na Königsberg ikaangamizwa. Hata baada ya hapo mizinga yake ilitolewa na kupigana nchi kavu kwa muda mrefu. Mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, na watoto wa shule hupigwa picha wakiwa wamekaa juu yake. Maelezo mengi ya vita vya Rufiji huanza monita zikiwa zimekwisha kufika Mafia, kana kwamba zilijileta.

Nimerudi mara nyingi kwa swali la nani walikuwa chini, kwenye makaa. Jeshi la majini la Uingereza katika Bahari ya Hindi lilikuwa na desturi ya miaka mingi ya kuajiri mabaharia na wachochea moto kutoka pwani yetu, hasa Zanzibar, kwa sababu maofisa waliamini kwamba Wazungu hawawezi kustahimili joto la chumba cha moto karibu na ikweta. Katika vitabu vya meli waliitwa Seedi. Wengi wao waliandikishwa kwa majina ya kubandikwa, majina ya Kiingereza yaliyotokana na vitu vya melini kama ndoo na kamba, kwa sababu ofisa aliyekuwa na kalamu hakutaka kuhangaika na majina yao. Mtu aliyezaliwa Ng'ambo au Pemba, aliyepewa jina na babu yake na kusomewa adhana sikioni, akaenda kuchochea moto wa vita vya watu wengine akiitwa kwa jina la chombo cha kuchotea maji. Hili linaniuma. Linaniuma kwa sababu kosa lake haliwezi kurekebishwa kwa kutafuta vizuri zaidi kwenye kabati za kumbukumbu. Jina halikupotea, halikuandikwa tangu mwanzo. Wajukuu wa watu hao wako hai, wanaishi Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na hawawezi kufungua kitabu chochote na kuweka kidole juu ya jina la babu yao.

Nilimpelekea baba mdogo karatasi niliyokuwa nimeandika majina ya vyombo tu, kwa kuwa majina ya watu sikuwa nayo: Helmuth, Adjutant, Blackcock, Revenger, Danube II, Sarah Joliffe. Aliyasoma polepole kwa sauti, la Helmuth akalisoma mara mbili kwa matamshi yake mwenyewe, "Helimuti". Akakunja karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Jioni hiyo tulivuka pamoja kwenda Kigamboni kwenye msiba wa rafiki yake, na pantoni ilipofika katikati, tagi moja ilikuwa ikirudi kutoka nje, haina mzigo, matairi yake meusi yakigusa maji, kamba imekunjwa vizuri kwenye sitaha. Baba mdogo aliinua mkono. Kijana aliyekuwa tezini, ambaye hakumjua, aliinua wake.